Ua jipya kitaluni: haki kwanza, soko baadaye

Mche wa waridi au krizanthemamu ukitoa rangi usiyowahi kuiona kwenye kitalu chako cha Uyole au Mafinga, usikimbilie kuuza. Kwanza fikiria haki ya mgunduzi wa aina mpya ya mmea, yaani wewe ndiye uamue nani aizalishe na kuiuza.

1. Jua ulikotoka. Kama umeota kwa mbegu ulizochavusha mwenyewe, endelea. Kama ni tawi lililobadilika rangi kwenye mmea wenye haki ya mtu, kwa kawaida huwezi kuuza bila idhini yake. Maua ya Kitulo yaache Kitulo. Ile ni hifadhi ya taifa.

2. Zidisha kwa vipando. Watoto wote wafanane na mama, kizazi hadi kizazi. Wapitishe masika, kisha baridi ya Juni na Julai, maana rangi nyingi hubadilika hapo. Piga picha, andika tarehe. Ukimpa mwenzako wa Makete akujaribie, muandikiane kwamba hauzi wala hagawi.

3. Omba haki. Hapa ndipo watu wanapopoteza mali, na inaniuma kila nikiona. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2012 kuhusu haki hizi inataka aina iwe mpya, ya tofauti, inayofanana yenyewe kwa yenyewe, isiyobadilika, na yenye jina lake. Ukiiuza hapa nchini zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kupeleka ombi kwa Msajili wa haki hizi, Wizara ya Kilimo, upya umekwisha, hata ua liwe zuri namna gani. Miche michache uliyouza gulioni inatosha kukuponza.

Haki hiyo haivuki mpaka, uwe wa Tunduma au wa Kasumulu. Ila Tanzania ni mwanachama wa UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 2015, hivyo una miezi 12 tangu ombi la kwanza kuomba Kenya, nayo ikuhesabie kama uliomba tarehe ileile ya ombi la kwanza.

4. Toa leseni. Kitalu kimoja hakitoshi. Wape wenye vitalu Njombe na Iringa wazalishe, wakulipe mrabaha kwa kila mche unaouzwa. Mkataba utaje idadi ya mimea mama, lebo yenye jina la aina, na ruhusa yako ya kuingia kukagua. Bila hiyo ruhusa utabaki kuamini hesabu za mtu.

5. Panga bei. Jumlisha viriba, samadi, usafiri, miche inayokufa, na ada za haki. Anza na hoteli na wapambaji wa harusi, wanaolipia upekee. Ulinzi ni miaka 20, lakini mapenzi ya wateja kwa rangi moja hupoa mapema zaidi, kwa hiyo bei nzuri iwe misimu ya mwanzo. Ada ya kila mwaka usiiache ipite: isipolipwa, haki inaweza kufutwa.