Kunasa mwako wa galaksi ya mbali ukiwa Lubumbashi na mega chache

Ili kunasa mwako, yaani galaksi kung'aa ghafla kuliko kawaida, darubini huna haja nayo. Tunaunasa kwa miali ya gama, nuru yenye nishati kubwa kabisa. Miali hiyo humezwa na hewa kabla haijatufikia, kwa hiyo anayeitazama ni Fermi, chombo cha NASA kilichorushwa Juni 2008. Kila saa 3 hivi huwa kimeshapitia anga lote, na data zake ni bure kwa yeyote, hata aliyeko Katuba akingoja umeme urudi.

Hatua ya 1: anza na mwako unaojulikana. Mimi humpa kila anayeanza galaksi iitwayo 3C 454.3, kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Desemba 2010. Nuru yake ilisafiri zaidi ya miaka bilioni 7, na bado mwezi Novemba iliipita kwa mng'ao Vela (masalia ya nyota iliyolipuka), ambayo kwa kawaida ndiyo inayong'aa kuliko zote katika anga la gama.

Hatua ya 2: sakinisha Fermitools (programu za kuchambua data za Fermi, majina yake huanza na gt) kwa conda, kisakinishi cha programu. Ni mzigo mzito. Ifanye usiku, mega zikiwa nafuu.

Hatua ya 3: kwenye ukurasa wa data wa Fermi omba duara la digrii 1 kuizunguka galaksi, nishati kuanzia MeV 100 (MeV ni kipimo cha nishati), pamoja na faili la chombo, linaloonyesha kilikuwa wapi na kilielekea wapi. Usiombe miaka yote. Fotoni (chembe za nuru) za duara dogo ni kitu kidogo tu. Faili la chombo ndilo litakalomaliza mega zako.

Hatua ya 4: chuja. Kwenye gtselect weka evclass=128, evtype=3, zmax=90; hiyo 90 inazuia gama za hewa ya dunia yetu. Kisha gtmktime, inayochagua muda unaofaa:

(DATA_QUAL>0)&&(LAT_CONFIG==1)&&(angsep(343.49,16.15,RA_SUN,DEC_SUN)>5)

Kipande cha mwisho kinatupa muda ambao Jua liko karibu. 3C 454.3 haina shida hiyo, lakini kizoee. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kazi na 3C 279, nikaona nukta zinapanda mwanzoni mwa Oktoba, nikawatangazia wenzangu WhatsApp kwamba nimenasa mwako. Kumbe kila tarehe 8 Oktoba Jua linapita mbele ya 3C 279 yenyewe, na Jua nalo hutoa gama. Mpaka leo wananiita Mzee Jua.

Hatua ya 5, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Gawa muda kwa siku moja moja: gtbin, algorithm=LC, dtime=86400. Usichore bado! Tuseme jana fotoni 60, leo 30. Utasema imefifia nusu. Lakini pengine leo chombo kiliitazama nusu ya muda tu, kwani hugeuka-geuka, na kikipita juu ya Atlantiki ya Kusini huacha kuhesabu. Endesha gtexposure (specin=-2.1, apcorr=yes), kisha gawanya COUNTS (idadi ya fotoni) kwa EXPOSURE (kiasi ambacho chombo kiliitazama). Kosa la kila nukta ni kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni zake, nacho ukigawanye vilevile.

Hatua ya 6: chora. Karibu na tarehe 20 Novemba mstari utapanda kama mlima.

Kwa galaksi usiyoijua, linganisha na hazina ya mikondo ya nuru (michoro ya mng'ao kadiri muda unavyopita) ya Fermi, yenye nukta za siku 3, wiki na mwezi. Kama kule hakujapanda kitu siku zile zile, rudi kwenye gtmktime uangalie Jua.