Somo: Kurudia jaribio la njegere la Mendel, hatua kwa hatua

Wengi wetu tulikariri "tatu kwa moja" shuleni, yaani uwiano wa sifa katika kizazi cha pili cha njegere za Mendel, tukaijibia mtihani na kuiacha hapo. Somo hili ni la kuipata kwa mikono yako, kwa mbegu utakazozimwaga mezani na kuzihesabu. Nataka pia tuvuke pale vitabu vingi vinapoishia, maana ugunduzi wenyewe umo kwenye kizazi kinachofuata baada ya hiyo tatu kwa moja.

Gregor Mendel alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino mjini Brno, leo Jamhuri ya Czech, wakati ule chini ya dola ya Austria. Kati ya 1856 na 1863 alikuza njegere zipatazo 28,000. Hakuwa wa kwanza kuzichanganya. Mwingereza Thomas Andrew Knight alichapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1799. Mwenzake John Goss, miaka ya 1820, aliona ganda moja likiwa na mbegu za rangi mbili, akaona pia kwamba rangi iliyopotea kizazi cha kwanza ilirudi kizazi cha pili. Goss alikuwa na jibu mkononi, ila hakuhesabu.

Hatua ya 1: Hakikisha mbegu zako ni safi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ukiiruka kazi yote inayofuata ni bure. Mendel alikusanya aina 34 za njegere, akazijaribu kwa miaka miwili, akabaki na 22. Wewe zinakutosha mbili: moja yenye mbegu za mviringo, nyingine yenye mbegu za mikunjo. Nunua duka la pembejeo, kwa sababu njegere za sokoni zilizopasuliwa hazioti. Panda kila aina peke yake, ziache zijichavushe, kisha kausha na ukague kila ganda. Ukikuta mche wenye mbegu za sura mbili, usiutumie.

Hatua ya 2: Chagua sifa moja

Mendel alifuatilia saba. Anza na umbo la mbegu. Urefu wa mmea utakulazimisha usubiri msimu mwingine ndipo uuone, lakini umbo la mbegu unalisoma moja kwa moja kwenye ganda.

Hatua ya 3: Hasi ua, kisha chavusha

Ua la njegere hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Kwa hiyo lazima uliwahi: tafuta tumba ambalo petali zake ndiyo kwanza zinachungulia, bado zina ukijani. Lishike kwa vidole vya mkono wa kushoto, fungua petali kwa kibano chenye ncha nyembamba, uzipasue zile mbili za ndani zilizoungana kama mtumbwi. Humo utakuta vijinyuzi vya kiume 10: tisa vimeshikana, kimoja kimesimama peke yake. Vitoe vyote bila kuvibana vifuko vya chavua. Tazama kwa kioo cha kukuzia. Ukiona unga wa njano umeshamwagika, ua hilo limekwisha kuharibika, litupe.

Sasa chukua ua lililofunguka leo hii kutoka mmea wa aina ya pili, ondoa petali zake, na upake chavua yake kwenye ncha ya kijiti cha kike, upande wenye vinyweleo. Funga uzi wa rangi, andika tarehe, lifunike kwa kifuko cha kitambaa chepesi. Fanya pande zote mbili: mviringo awe mama kwa baadhi ya maua, na mikunjo awe mama kwa mengine. Mendel alifanya hivyo akaona matokeo hayabadiliki, na hilo ni jambo kubwa: baba na mama wanachangia sawa.

Hatua ya 4: Kizazi cha kwanza

Kausha maganda hayo. Mbegu zote zitakuwa za mviringo, hata zilizozaliwa na mama wa mikunjo. Hapa wanafunzi wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo soma polepole: mbegu iliyo ndani ya ganda ni mtoto tayari. Ganda ni la mama, mbegu ni kizazi kipya. Zipande, na safari hii usiguse ua lolote.

Hatua ya 5: Hesabu kizazi cha pili

Subiri mbegu zikauke kabisa, maana mbichi zote zinafanana. Fungua ganda, na ndani yake utakuta za mviringo na za mikunjo zimekaa bega kwa bega. Kwa mimea 253 Mendel alipata mbegu 7,324: za mviringo 5,474, za mikunjo 1,850. Hiyo ni 2.96 kwa 1.

Usikate tamaa kwa mche mmoja. Mendel mwenyewe alikuta mche uliotoa za mviringo 43 na za mikunjo 2 tu, na mwingine uliotoa 14 kwa 15. Uwiano unajitokeza kwenye wingi.

Hatua ya 6: Usiishie hapo

Panda zile za mviringo za kizazi cha pili, na vuna kila mche kwenye mfuko wake. Mendel alifuatilia miche 565 ya namna hii: 193 ilitoa mbegu za mviringo tupu, na 372 ilitoa za aina zote mbili. Takribani moja kwa mbili. Za mikunjo zilizaa mikunjo tu.

Kumbe zile "tatu" zilikuwa makundi mawili ambayo jicho haliwezi kuyatenganisha: moja safi, mbili zenye sifa fiche ndani. Tatu kwa moja ni moja kwa mbili kwa moja iliyovaa nguo. Kutokana na hapo Mendel alihitimisha kwamba kila chembe ya uzazi hubeba sifa moja tu kati ya mbili za jozi, na kwamba sifa hizo hukutana bila kuyeyuka moja ndani ya nyingine. Hakuwa na hadubini ya kumwonyesha jeni, yaani kile kinachobeba sifa za kurithi. Alikuwa na mifuko ya mbegu na kalamu. Mimi kila nikifika kwenye hizo namba mbili, 193 na 372, bado nashangaa.

Aliyasoma haya mbele ya chama cha wanasayansi cha Brno tarehe 8 Februari na 8 Machi 1865, yakachapishwa 1866. Alifariki 1884. Mwaka 1900 ndipo Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak walipoyaibua tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Niko Dar, joto kali. Njegere zitakubali?

Marahaba. Zitaota, lakini maua hupukutika kwenye joto. Kama una ndugu Lushoto au Njombe, fanyia huko msimu wa baridi.

Mimi nilichanganya maharage nikaangalia rangi ya maua. Sikupata tatu kwa moja. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote. Mendel pia alichanganya maharage ya aina mbili, na katika mimea 31 iliyochanua mmoja tu ulikuwa na maua meupe. Alidhani rangi hiyo inatokana na vitu zaidi ya kimoja vinavyorithiwa kila kimoja kivyake, na mawazo hayo yalikuja kuthibitika kwa sifa nyingi. Anza na njegere, maharage baadaye.

Nimesikia namba za Mendel zilipikwa. Ni kweli?

Mwaka 1936 mtakwimu Ronald Fisher alionyesha kwamba namba hizo ziko karibu mno na matarajio. Mjadala ni wa haki na umeendelea kwa miaka mingi. Lakini watu wengi walirudia jaribio baada ya 1900 na uwiano ukatoka ule ule. Ndiyo maana nakuomba uhesabu mwenyewe, na uandike unachokiona hata kikienda kombo.

Kwa nini hasa mbegu hujikunja?

Mwaka 1990 watafiti wa Norwich, Uingereza, waliipata jeni yenyewe. Katika mbegu za mikunjo kuna kipande cha ziada cha DNA kilichojipachika ndani ya jeni inayosaidia kutengeneza wanga. Wanga unapungua, sukari inazidi, mbegu inavuta maji mengi, na ikikauka inasinyaa.

Mwalimu, baba yangu hupanda mahindi chotara akahifadhi mbegu. Mwaka wa pili hayafanani. Ni jambo hili hili?

Ndilo hilo. Alichonunua ni kizazi cha kwanza, alichopanda mwaka wa pili ni kizazi cha pili, ambapo sifa zilizojificha hutengana. Tofauti ni kwamba wewe unafuatilia sifa moja, na mahindi yake yanatengana kwa sifa nyingi kwa pamoja, huku upepo ukileta chavua ya jirani. Mzee akitaka kuhifadhi mbegu, atafute aina isiyo chotara, aipande mbali na shamba la mwenzake, na achague mahindi ya mbegu kutoka katikati ya shamba.