Namna ya kukadiria umri wa shanga za kioo za kale kwa kupima kemia yake

Ushanga wa kioo uliofukuliwa Unguja Ukuu au Kilwa hauwezi kupimwa umri kwa kaboni ya mionzi, kwa sababu umepikwa kwa mchanga pamoja na magadi au majivu. Kinachoweza kupimwa ni mapishi yake. Mapishi ya kioo yalibadilika karne hadi karne na nchi hadi nchi, na kwa kuwa shanga nyingine za mapishi yayo hayo zimepatikana katika matabaka ya udongo ambayo tarehe zake zinajulikana, ushanga wako unaweza kupangwa katika kipindi chake. Kwa hiyo kemia haitoi tarehe peke yake, bali huazima tarehe kutoka kwenye uchimbaji, na kazi ya maabara haiwezi kuwa bora kuliko kumbukumbu zilizoandikwa shambani.

Anza basi na kumbukumbu hizo. Andika tabaka ulipotoka ushanga, vigae na makaa yaliyokuwa karibu nao, rangi yake, vipimo vyake, na kama ulikatwa kutoka kwenye mrija wa kioo uliovutwa au ulitengenezwa kwa kuzungushia kioo cha moto kwenye waya. Ushanga uliookotwa ufukweni baada ya maji kupwa bado unafaa kupimwa, lakini hauna tabaka la kuutetea. Hakikisha pia kwamba una kibali cha mamlaka ya mambo ya kale ya nchi husika kabla ya kuchukua chochote.

Hatua inayoharibu matokeo mara nyingi kuliko zote ni upimaji wa uso wa ushanga. Maji ya ardhini huufyonza sodiamu kwa karne nyingi, na ganda la juu hubaki na silika nyingi kuliko kioo chenyewe kilivyokuwa. Njia ninayoipendelea ni ile ya leza inayochimba kitundu cha makumi machache ya maikromita, kisichoonekana kwa jicho, kisha mvuke wake ukapelekwa kwenye mashine inayotenganisha atomi kwa uzito. Matokeo ya mwanzo, yaliyotoka kwenye ganda, yatupwe. Yatumike yale ya ndani tu. Katika kila awamu pima pia vioo vya rejea, kama vile Corning A na B au NIST 610, ambavyo viwango vyake vinajulikana. Kifaa cha eksirei cha kushika mkononi ni chepesi na cha haraka, ila hakisomi sodiamu na kwa magnesiamu ni dhaifu, kwa hiyo kitumike kuchambua rangi na madini ya risasi, si kuamua aina ya kioo.

Unapopata takwimu, tazama kwanza oksidi za magnesiamu na potasiamu. Zote mbili zikiwa chini ya takriban asilimia 1.5, kiyeyushi, yaani kile kinachosaidia mchanga kuyeyuka, kilikuwa magadi ya ardhini. Zikizidi hapo, mara nyingi kilikuwa majivu ya mimea ya nchi kame au ya pwani. Katika nchi za Mediterania tofauti hii ina thamani kubwa, kwa maana magadi ya Wadi Natrun, Misri, yaliacha kutumika kwa wingi katika karne ya 9. Usiichukue kanuni hiyo na kuileta pwani yetu bila kufikiri. Asia ya Kusini iliendelea kupika kioo kwa soda ya ardhini kwa karne nyingi baadaye, na kioo hicho hujitambulisha kwa alumina, yaani oksidi ya alumini, ambayo mara nyingi huzidi asilimia 5, ilhali kile cha magadi ya Misri huwa na takriban asilimia 2 hadi 3.

Hapa ndipo elementi zilizomo kwa kiasi kidogo sana zinapofanya kazi kubwa. Kioo cha alumina nyingi chenye bariamu nyingi na uraniamu kidogo kinahusishwa na Sri Lanka na India ya kusini, nacho ndicho kilichotawala Unguja Ukuu katika milenia ya kwanza. Chenye uraniamu nyingi na bariamu kidogo kinahusishwa na India ya magharibi na huonekana zaidi kuanzia karne ya 14. Kundi hili zamani lilidhaniwa kuwa moja, kisha uchambuzi mpya ukalitenga na jingine la karne ya 9 hadi 13. Ndiyo maana nasisitiza kuhifadhi takwimu ghafi, si jina la kundi pekee. Kioo cha majivu chenye alumina nyingi kiasi kinafanana na shanga zilizoenea kusini mwa Afrika, Mapungubwe na kwingineko, kuanzia karne ya 13 hadi mwanzoni mwa karne ya 15.

Malizia na rangi. Kiungo kilichoanza kutumika karibuni kuliko vyote ndicho kinachoonyesha tarehe ambayo ushanga hauwezi kuwa wa kabla yake. Kobalti iliyoandamana na arseniki huelekeza Ulaya, karne ya 16 au baadaye. Rangi ya uraniamu ni ya karne ya 19, na nyekundu ya seleniamu ni ya mwishoni mwa karne hiyo. Usichanganye uraniamu ya rangi, inayofika maelfu ya sehemu kwa milioni, na ile ya mchanga wa India, ambayo huwa makumi hadi mamia machache.

Kisha andika matokeo kama kipindi, kamwe si mwaka mmoja, na utenganishe wakati wa kupikwa kioo na wakati wa kuzikwa ushanga. Shanga hurithiwa, bibi akamvisha mjukuu, na uzi ukikatika katika karne ya 15 unaweza kuangusha tabakani ushanga uliopikwa karne ya 10.