Kutembea hadi Ziwa Skilak, Alaska

Njia ya Hidden Creek, katika hifadhi ya Kenai, ni fupi na rahisi: inapita msituni hadi ufukweni mwa ziwa. Toka Sterling Highway, ingia Skilak Lake Road, barabara ya changarawe, uegeshe gari mwanzo wa njia.

Hatari kubwa ni dubu. Wengi hubeba kopo la pilipili ya kupuliza kisha hulifungia ndani ya begi, mahali ambapo halisaidii kitu. Livae kiunoni. Piga makofi na kuongea kwa sauti, hasa karibu na kijito, kwani maji huzima mlio wa hatua zako. Ukikutana na dubu, usikimbie kamwe. Rudi nyuma polepole.

Juni na Julai, paka dawa ya mbu kabla hujashuka garini.