Gari likitetemeka kwenye mwendo mkubwa: jua mtetemo unatoka wapi kabla ya kununua kifaa

Gari lako likianza kutetemeka ukifika kilomita 90 au 100 kwa saa, usikimbilie alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu. Naanza na hili kwa sababu ndilo ombi ninaloletewa zaidi karakana: "Fundi, usukani unatetemeka, nifanyie alaimenti." Alaimenti ni dawa ya gari linalovuta upande mmoja au linalokula matairi upande. Gurudumu linaweza kuwa limenyooka kabisa na bado likatikisa gari zima, kwa sababu tu uzito wake hauko sawa pande zote. Kwa hiyo kwanza tafuta chanzo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo utaifanya mwenyewe ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva.

Nenda kwenye barabara iliyonyooka, yenye lami nzuri na magari machache, uendeshe kwa mwendo unaoruhusiwa. Sikiliza kwa mwili. Usukani ukitetemeka mikononi, anza kutafuta mbele. Ukitulia lakini kiti na sakafu vinatetemeka, tazama magurudumu ya nyuma, na propela shafti (mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma) kama gari lako linayo. Zingatia pia mwendo ambao mtetemo unaanzia. Ukianza kwenye 80, ukakolea kwenye 100, kisha ukapungua unapozidisha kidogo, mara nyingi hiyo ni balansi, yaani uzito wa gurudumu hauko sawa pande zote.

Sasa achia mafuta. Mtetemo ukikatika, halafu ukarudi kila unapokanyaga, shuku sivi jointi za ndani (viungo vya mihimili inayozungusha magurudumu), hasa kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Halafu weka nyutro kwa sekunde chache huku injini inawaka. Usiizime kamwe gari likiwa kwenye mwendo, maana usukani utakuwa mzito na breki zitakosa msaada. Kama mtetemo haukubadilika, injini haihusiki. Shida iko kwenye vinavyozunguka pamoja na magurudumu. Ukitokea pale tu unapofunga breki, ni diski. Mara nyingi unene wake haulingani tena mzunguko mzima. Diski inaweza kuchongwa ikiwa itabaki juu ya unene wa chini unaoruhusiwa, ambao kwa kawaida umeandikwa kwenye diski yenyewe.

Ukirudi, acha matairi yapoe, kisha pima upepo na ulinganishe na kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pitisha kiganja polepole juu ya uso wa tairi, kuzunguka lote. Ukihisi mabonde na vilima, shokapu zimechoka au kuna kitu kimelegea, na balansi peke yake haitakusaidia. Ukikuta uvimbe, ubavuni au juu, usiendeshe tena. Badilisha tairi hilo hapohapo. Tairi lenye uvimbe linaweza kupasuka wakati wowote. Chungulia na upande wa ndani wa ringi. Tope lililokauka linatosha kuharibu balansi. Pia tafuta kipande cha mraba kilicho kisafi kuliko sehemu nyingine, chenye mabaki ya gundi: hapo palikuwa na chuma cha balansi, nacho kimedondoka.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba gramu chache ndizo zinazowasumbua. Gurudumu la gari dogo huzunguka kama mara 14 kwa sekunde ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa. Gramu 30 zikizidi upande mmoja wa ringi, kwenye mwendo huo zinavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 4, zikigeuka juu chini mara hizo 14 kila sekunde. Kwenye 50, nguvu hiyo inabaki robo tu, na ndiyo maana mjini husikii kitu.

Unapopeleka magurudumu kubalansiwa, simama karibu na mashine. Ringi ioshwe, vyuma vya zamani vitolewe, na baada ya kubandika vipya gurudumu lizungushwe tena mpaka mashine isome sifuri pande zote mbili. Fundi akiruka mzunguko huo wa mwisho, mwombe aurudie. Wakati gurudumu linazunguka taratibu, shika kalamu karibu na uso wa tairi bila kuligusa, uangalie ile nafasi katikati. Nafasi ikipanuka na kubana, tairi au ringi si duara tena, na hakuna chuma kitakachoponya hilo. Wakati mwingine kulizungusha tairi nusu mzunguko juu ya ringi hupunguza tatizo. Vinginevyo badilisha kilichoharibika.

Gurudumu lililobalansiwa vizuri bado litatetemeka likifungwa vibaya. Safisha kutu kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, kwa brashi ya waya. Ringi zisizo za kiwandani zenye tundu pana katikati zinahitaji pete za kuziweka sawa juu ya habu. Nati zikazwe kwa kuvuka, kama unavyochora nyota, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Gari likiwa kwenye jeki na stendi, shika gurudumu juu na chini ulitikise: likicheza, ni beringi au boljointi (kiungo kinachoshikilia gurudumu). Shika kushoto na kulia: likicheza hapo tu, mara nyingi ni tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu kufuata usukani). Hivi havisubiri mwisho wa mwezi.

Kama bado hujapata jibu, hamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, ikiwa ukubwa wake ni mmoja, kisha rudi barabarani. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, umempata mkosaji kati ya yale uliyoyahamisha. Usipohama, na gari lina propela shafti, zishike krosi zake, yaani viungo vyake vya msalaba, uzizungushe kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamezuiwa. Zisicheze hata kidogo. Na kama shafti iliwahi kufunguliwa, hakikisha ilirudishwa kwenye alama zake zilezile, kwa sababu ikigeuzwa nusu mzunguko inaweza kutetemesha gari ambalo kabla ya hapo lilikuwa limetulia.