Kanda na redio kaseti katika hewa ya Lamu

Kanda nyingi za taarab na mawaidha zilizobaki majumbani Lamu haziuawi na umri, zinauawa na unyevu na chumvi. Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya maji, kwa hiyo zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, hata ziwe nzuri vipi, si mahali pa kuwekea kanda. Zitie ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, zikisimama wima, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, na ziwe mbali na sumaku ya spika.

Kanda iliyolala miaka itazame kwanza kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Usiicheze, maana utabaki kwenye hedi, yaani kile kichwa cha redio kinachosoma utepe, na kuhamia kanda zinazofuata. Ikiwa safi, ipeleke mbele hadi mwisho kisha uirudishe, ili utepe ulioshikana uachane. C120, yaani kanda za dakika 120, jihadhari nazo: utepe wake ni mwembamba mno, redio huzila upesi.

Hedi isafishe kila baada ya saa 10 hivi za kucheza. Chomoa umeme, fungua mlango, bonyeza kitufe cha kucheza ili hedi isogee mbele. Tumia kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ya asilimia 70 ina maji mengi, na hewa hii haihitaji msaada wa kutia kutu. Sugua hedi na ule mhimili mwembamba wa chuma hadi pamba itoke bila rangi ya kahawia. Rola ya mpira ifute kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni, kwani alkoholi huweza kuukausha mpira. Subiri ikauke kabisa.

Sauti ikiyumba hata baada ya kusafisha, shuku belti. Mpira wa zamani hulegea, au huyeyuka ukawa kama lami. Ufute wote kwenye puli, yaani magurudumu yanayopitiwa na belti, kwa alkoholi. Pima njia ya belti kwa uzi, kisha tafuta mpya iliyo fupi kwa takriban asilimia 5. Belti iliyolegea ndiyo hufanya kanda iliwe: rola inasukuma utepe, lakini gurudumu la kuukusanya limesimama.

Utepe ukikatika, usiunge kwa selotepu ya dukani. Gundi yake huvuja kwenye joto na kushikanisha mizunguko ya jirani. Tumia ile maalumu ya kuungia utepe, uibandike upande wa nyuma tu, usioguswa na hedi.