Siku ya mwisho ya boti ya mfereji: kushuka Hurleston na kurudisha boti Nantwich

Kampuni nyingi zinazokodisha boti za mifereji Uingereza huitaka boti saa 3 asubuhi, maana wageni wengine wanaingia mchana huohuo. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kusafiri hasa ni ile inayotangulia, na asubuhi yenyewe ibakiwe na maili mbili tu zisizo na loki.

Tumchukue anayerudi Nantwich kutoka Llangollen, Wales, kwa mfereji wa Llangollen, akipita kijiji cha Wrenbury na loki za Hurleston, unakoishia mfereji huo. Loki ni chumba cha maji chenye milango mbele na nyuma, kinachopandisha au kushusha boti. Jumlisha maili na loki, gawa kwa 3, upate saa. Wrenbury hadi Hurleston ni takriban maili 6 na loki 9: Baddiley 3, Swanley 2, Hurleston 4. Jumla 15, yaani mwendo wa saa 5. Aliyelala Wrenbury usiku wa mwisho amekwishachelewa, na boti za kukodi kwa kawaida haziruhusiwi kutembea gizani. Ni kweli mfereji huu una mkondo, maji yakitoka mto Dee kwenda bwawa la Hurleston, nawe unateremka nao. Usiuweke kwenye hesabu. Foleni ya Hurleston wakati wa kiangazi humeza muda wote unaouokoa. Siku inayotangulia ondoka Wrenbury saa 2 asubuhi, ushuke Hurleston mchana, ulale kati ya hapo na Nantwich.

Loki za hapa ni nyembamba: upana wa futi 7 na kidogo, na boti ni futi 6 na inchi 10. Pandisha dafrao zote, yaani mito ya kukinga ubavu wa boti, kabla ya kuingia. Dafrao iliyoachwa ikining'inia hukwama ukutani, boti ikalala upande huku maji yakishuka.

Hatari kubwa zaidi iko nyuma. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha zege au mawe kisichoonekana chumba kikiwa kimejaa. Alama nyeupe ukutani huonyesha kinapoishia. Tezi yako, yaani nyuma ya boti, iwe mbele ya alama hiyo, na ikae hapo mpaka mwisho. Anayeshika kana, mkono wa usukani, asiende kupika chai. Hakikisha vilango vidogo vya juu, vinavyopitisha maji, vimefungwa, kisha mwenzako afungue vya chini nusu, akutazame, ndipo amalizie. Kamba usiifunge kwa fundo: ishike mkononi, uilegeze boti ikishuka. Tezi ikikalia kizingiti, piga kelele. Vilango vya chini vifungwe mara moja, kisha vya juu vifunguliwe polepole ili maji yaiinue. Watu wengi hupoteza sekunde kwa kubishana badala ya kufunga.

Ukitoka loki ya chini kabisa, kata kulia. Kushoto ni Barbridge, na ukikosea hurudi kirahisi: boti ndefu hugeuzwa tu palipochimbwa pa kugeuzia.

Jioni, injini ikizimwa, zungusha mkono wa grisi ya mhimili wa rafadha, yaani panga linalosukuma boti, mpaka uhisi ugumu. Ukiacha, maji hudondoka ndani ya ngama, sehemu ya chini kabisa ya boti, usiku kucha. Kama boti ilikuwa ikivuta kwa shida au moshi umekuwa mweusi, huenda rafadha imevikwa magugu au mfuko wa plastiki. Zima injini, toa ufunguo uutie mfukoni, fungua kifuniko kilicho juu ya rafadha, ukate takataka kwa kisu. Kifuniko kirudi na kikazwe barabara. Kikilegea, rafadha itarusha maji ndani ukianza kwenda, na boti zimezama kwa sababu hiyo tu.

Choo cha kopo kimwagwe kwenye kituo chake, kinachofunguliwa kwa ufunguo wa Canal & River Trust, shirika linalotunza mifereji; kichakani kamwe. Choo cha tangi waachie kampuni wakinyonye. Majivu ya jiko yasiwekwe ndani ya ndoo chumbani hata kama yanaonekana kufa: bado hutoa kaboni monoksaidi. Hesabu pia vifaa: mikono ya chuma ya kufungulia loki, vigingi, nyundo, funguo. Kinachopungua hulipiwa, na mkono wa loki ndio unaopotea zaidi, husahaulika juu ya boriti ya lango.

Asubuhi ondoka saa 1 na nusu. Kasi ya juu ni maili 4 kwa saa, lakini ukipita boti zilizofungwa punguza injini hadi chini kabisa. Wimbi lako hung'oa vigingi vya watu.

Kuingia gatini ndiko kunakotia watu jasho. Boti hii ni chuma tupu, zaidi ya tani 15, na haina breki. Ukirudisha nyuma, usukani haukutii. Punguza mapema, elekeza omo, yaani mbele ya boti, kidogo upande upepo unakotoka, kisha sukuma kana huku ukiongeza injini kwa sekunde mbili tatu ili igeuke bila kupata mwendo. Boti huzunguka katikati yake, hivyo omo ikienda kushoto tezi huenda kulia: iangalie. Mtu asiizuie kwa mkono wala mguu, afadhali rangi ikwaruzike. Asiruke pia, ashuke kwa hatua akiwa na kamba ya katikati. Funga omo na tezi, ndipo uzime injini.

Kabla ya kukabidhi, tazama ndani ya friji na chini ya magodoro, kisha mwambie fundi kila kilichoharibika, hata taa moja. Muulize kama dizeli imo kwenye bei au itakatwa kwenye amana.